Kadi ya Kumbukumbu

Ilikuwa Kariobangi Kusini, nyuma ya duka la vipuri,
chumba cha mabati alichokipaka Kithuku rangi ya samawati
hadi rangi ikamwishia, futi mbili kabla ya dari.
Runinga tatu. Padi sita, mbili zina maradhi:
moja haikujua kushoto,
nyingine ilipiga shuti yenyewe, bila kuulizwa.
Ukipewa hiyo, unanyamaza. Ukutani, kwa chaki ya fundi:
ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI.
Na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine:
na asiye na kobole akae nje.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mpira,
diski iliyonakiliwa Luthuli, haina hata jalada,
na kila kitu ndani yake kilikuwa Kijapani.
Hatukujua kusoma herufi moja.
Lakini tulijua: ile inayofanana na kibanda kilichovunjika mguu
ni "anza,"
na ile ya ngazi yenye mkia, usiiguse,
inafuta kila kitu.
Makokha aliigusa mara moja, mwezi wa Agosti.
Hatukumwona wiki mbili.

Mtangazaji naye alipayuka kwa lugha yake,
tukamkariri neno kwa neno,
hata kwenye uwanja wa kweli, vumbini kule shuleni,
mtu akifunga bao tulipaza Kijapani
na refa akadhani tunamtusi mamake.

Jioni, foleni. Mshindi abaki, mshinde ainuke.
Kerubo alibaki.
Alikuja na taulo la saluni begani,
vidole vikinukia mafuta ya nywele za watu,
akabaki tangu saa kumi na moja mpaka Kithuku atikise funguo,
anacheza huku anatafuna njugu.
Wavulana wakubwa waliinuka mmoja mmoja
wakilalamika kwamba jua linapiga kioo.
Chumba hakikuwa na dirisha.

Stima ikipotea dakika ya themanini na tisa
hakuna aliyetoka. Tulimalizia mechi kwa mdomo, gizani:
Napita kushoto.
Nimekukata.
Hujanikata, nina kasi tisini na tano.
Abdirashid alikuwa refa, kwa sababu hakujua kudanganya,
na bao la gizani liliandikwa katika daftari la Kithuku
sawa na mabao mengine.

Likizo moja tukaunda timu yetu wenyewe.
Tulijiumba: pua, kimo, viatu.
Wesonga, aliyekuwa na chuma mguuni tangu ile ajali,
tulimpa jezi namba tisa
na kasi yote mashine iliyokuwa nayo.
Akajitazama akikimbia. Hakusema kitu.
Kisha akaomba turudie.

Leo pale pana ghorofa sita na kinyozi chini.
Kithuku yuko Mwingi, anafuga nyuki.
Kerubo yuko Doha, hututumia sauti ndefu zenye honi kwa nyuma.
Wesonga tulimpeleka kwao Bungoma, mwaka ule wa mvua nyingi,
jeneza likiteleza mikononi mwetu.

Kadi ninayo mimi. Hukaa kwenye droo
pamoja na betri zilizokufa
na funguo za nyumba nilizokwisha kuhama.
Nyeusi, nyembamba, kona moja imeng'atwa
(Makokha, nadhani).
Juzi nimepata mashine nzee palepale Luthuli;
muuzaji alicheka alipokuwa akinitajia bei.
Nikaichomeka. Nikasubiri.
Kibanda kilichovunjika mguu.
Nikabonyeza,
nao wakatoka kwenye handaki, kumi na mmoja,
wana nywele tulizokuwa nazo.

Sikucheza. Nilimpiga picha namba tisa
akifunga kamba za viatu, nikawatumia wote.
Kabla sijaiweka simu chini, Doha ikajibu:
Wewe, usiguse ile ya ngazi.
Halafu, baada ya muda:
Nani anafuata?